Majani Yaliyoanikwa Juani

Majani ya mwarobaini yaliharibika, na aliyeyaharibu ni Mrefu, mwanamume ambaye Kidawa alikuwa ameanza kumwita mpenzi.

Walikuwa wamekutana sokoni, wote wamevaa makoti meupe ya chuo cha famasia, wakivutania mfuko mmoja wa majani mabichi.

"Wewe si mradi wako mshubiri?" Kidawa alimuuliza.

"Ndiyo. Lakini ukishika kitu wewe, na mimi nakitaka."

Wachuuzi wakacheka. Kidawa naye akajikuta anacheka, mfuko akabaki nao.

Leo trei zake, alizokuwa ameziweka kivulini nyuma ya maabara, amezikuta juu ya paa. Majani yamepauka, yanavunjika kama maganda ya vitunguu. Marhamu ya vipele itokanayo na majani hayo ilitakiwa darasani kesho. Anayependa kushika kila anachoshika yeye ni mmoja tu. Akampigia simu.

"Umenihujumu, Mrefu! Unaogopa nitakupita?"

"Mimi? Niliyakuta gizani, mabichi, nikajua umeyasahau. Nimeyapandisha ngazi zote hizo, mgongo unaniuma mpaka sasa."

"Yanakaukia kivulini, we mtu! Jua linayaua!"

"Mshubiri hauanikwi, mpenzi. Ningejulia wapi?"

Hasira ikamtoka Kidawa, kicheko kikamshika palepale.

"Bwege wangu."

"Wako?"

"Nimesema bwege. Usijiongezee."

Kesho yake alisimama mbele ya darasa, gauni jekundu likichungulia chini ya koti, mikono mitupu. Mkufunzi mkuu, aliyekwisha kuziona trei juu ya paa, akashusha miwani.

"Sheria unaijua, binti. Anayegusa mradi wa mwenzake anafukuzwa. Mtaje, nikupe muda mwingine. Ukinyamaza, umefeli."

"Basi nimefeli."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya sheria yenu isiyojua tofauti ya kukosea na kuhujumu. Kila mtu mmempa mmea wake, mkamfungia humo. Kuanika hamkumfundisha, sasa mnataka kumfukuza?"

Nyuma kiti kikaburuzwa.

"Ni mimi," Mrefu alisema.

"Kaa chini, bwege!"

"Sikai. Na nikitoka hapa naoa."

"Unamwoa nani?" mkufunzi akafoka.

"Huyo hapo. Muulize kama anakubali."

"Anakubali," Kidawa akajibu. "Andika na hilo."

Mrefu alifukuzwa chuo. Kidawa, kwa kuwa hakumtaja, alirudia mwaka mzima, na nafasi yake ya mazoezi hospitalini akapewa mwingine. Baba yake, aliyekwisha kuwatangazia majirani kwamba binti yake ni mfamasia, hakukanyaga harusini.