Doa Jekundu

Lifti ya jengo la maduka ilikwama mchana kweupe, watu wakafurika ukumbini wakilalama. Fundi alipofaulu kuupanua mlango, wa kwanza kutoka alikuwa binti wa gauni la manjano, jasho likimtiririka, kompyuta kaikumbatia kifuani.

"Pole, dada. Umeogopa?"

"Nimeogopa kuchelewa. Picha zinanisubiri."

"Za harusi?"

"Za galaksi! Zimepigwa na darubini iliyoko huko angani. Natafuta zile za mwanzo kabisa, ulimwengu ulipokuwa bado mchanga."

"Kumbe natoa mtu kwenye boksi, roho yake iko mbinguni!"

Wakacheka, wakapeana namba, na simu zikazaa mapenzi. Fundi alimwita mtafiti huyo Nyota. Nyota alimwita Lifti.

"Kwa nini Lifti?"

"Nikikuona moyo unapanda."

"Ukikwama je?"

"Si wewe ndiye fundi?"

Mama yake Lifti alikuwa hoi kitandani, figo zimechoka. "Niletee mkwe wangu nimwone kabla sijafumba macho," alimwambia mwanawe. Nyota akaahidi kuja Jumapili.

Ijumaa, kwenye picha mpya, likajitokeza doa jekundu dogo mno. Wekundu ule ulidokeza umbali wa kutisha, na mwanga wa mbali hivyo ni wa zamani sana. Huenda hiyo ndiyo galaksi kongwe kuliko zote zilizowahi kuonekana. Mkuu wa Nyota akaonya kwamba watafiti wengine wanaifukuzia. Nyota akazima simu ili akili itulie, akajifungia ofisini na mahesabu. Jumapili ikapita hana habari.

Alipowasha simu, alikuta ujumbe wa Lifti: "Mama ametutoka. Kila mlango ulipogongwa aliuliza, 'Ni mkwe?' Kama uliona haya kuingia nyumba ya fundi, ungesema tu."

Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena, hadi simu ya upande wa pili ikazimwa.

Wiki zikasonga. Mwanga wa lile doa ulipochambuliwa vizuri, ikabainika ni galaksi ya karibu tu. Vumbi lake ndilo lililoipaka wekundu. Siku hiyo Nyota alikwenda karakana ya Lifti, macho yamevimba.

"Sikuona haya, Lifti. Wallahi sikuona haya. Nilisahau siku. Nilidhani nimeipata, kumbe ni vumbi."

Lifti akaweka spana chini, akamkumbatia kwa mikono yake ya grisi. "Pole, mpenzi. Najua ulivyoihangaikia."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe."

"Basi turudiane."

Lifti akamwachia taratibu. "Nikikutazama namsikia mama akiuliza ni nani mlangoni. Nimejaribu, Nyota. Nakupenda, lakini siwezi kuishi na sauti ile."

"Hata baadaye?"

Akatikisa kichwa, machozi yakimdondoka.

Lifti alimsindikiza hadi kituoni, wameshikana mikono kama wachumba. Basi la kwanza liliposimama, Nyota alipanda bila kuuliza linakwenda wapi.