Sinema Isiyolalamikiwa

Saa nane mchana, katika jumba la sinema la Pazia mjini Tabora, watu mia tatu walikuwa wakitazama filamu mia tatu. Waliingia kwa mlango mmoja, wakakaa bega kwa bega, lakini mmoja alicheka huku jirani yake akifuta machozi, na wa tatu akapiga makofi peke yake kwa jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Kazi hiyo ilifanywa na kiti-hisi. Kiti kilisoma mapigo ya moyo, jasho la viganja na namna mtu anavyokaza mabega, kikapeleka habari kwa mtambo ulioitwa Mfumaji, naye Mfumaji akaifuma filamu upya papo hapo ndani ya miwani ya mtazamaji. Ukichukizwa na joka, joka linabadilika. Ukimpenda mpishi, mpishi anapandishwa cheo, anakuwa jemadari.

Mhandisi Kalunde Mihayo, aliyekibuni kiti hicho, alikuwa katika chumba cha mitambo akitazama taa mia tatu za kijani ukutani. Kijani maana yake mtazamaji ameridhika. Kalunde alikaa, akasimama, akakaa tena. Hali hiyo ilimwanza wiki ya pili ya maonyesho, na hii ilikuwa ya kumi.

Kiti kilizaliwa kwa sababu ya kelele. Filamu ilitokana na mchezo wa mezani uitwao Falme za Ukungu. Katika mchezo huo mtu mmoja, msimulizi, huwawekea wenzake safari na hatari. Kila mchezaji huongoza mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Dadu huamua nani anapona. Wapenzi wa mchezo huu ni watu wagumu, tuseme ukweli. Mara tatu watengenezaji walijaribu kuuleta kwenye skrini, mara tatu wakaambulia matusi. Joka lilipewa miguu minne badala ya miwili, zikaja barua elfu kumi na moja. Mchawi alinyolewa ndevu, watu wazima wakaandamana na mabango. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngoma ilikuwa moja, wavutaji milioni mbili.

Kalunde akampa kila mmoja ngoma yake. Tangu filamu ya nne ianze kuonyeshwa hakuna aliyelalamika hata kidogo, na kampuni, kwa furaha, ikaiondoa kabisa fomu ya malalamiko.

Taa iliyomkosesha raha ilikuwa ya safu ya saba, kiti cha nne. Alikikalia Mzee Kapela, kwa mara ya sitini na moja.

Mzee Kapela alikuwa msimulizi wa meza ya Kalunde. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi asubuhi, walikutana watano nyumbani kwake, mtaa wa Kanyenye. Michezo yao ilirushwa redioni, ikapata wasikilizaji wengi, na hadithi yao ndiyo iliyogeuzwa filamu. Miongoni mwa hao watano alikuwemo mke wa mzee, Bi Nyanzala, aliyemwongoza tabibu Zimwela. Zimwela alikufa mchezoni, darajani. Mwaka uliofuata Bi Nyanzala mwenyewe alifariki kwa maradhi ya figo. Mzee aliendelea kusimulia, kwa sauti iliyopungua, mpaka filamu ilipoanza. Kisha akaacha kuja mezani. Meza bila msimulizi ni mbao tu, na wale wenzao wawili sasa hawakupokea hata simu. Kalunde alikwenda kumbembeleza mara mbili. Mara zote mbili mzee alimjibu, "Nitakuja Jumamosi, mwanangu," na Jumamosi ikafika bila yeye. Kalunde alimkosa kama mtu anavyomkosa baba, na aliyemchukua, Mfumaji, alimjua vizuri, kwa sababu alimtengeneza kwa mikono yake.

Akachukua miwani ya akiba, akaiunganisha na kiti kile, akashuka ukumbini na kuchuchumaa kando ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tulia kidogo, anasimulia habari za mbuzi."

Kalunde akavaa miwani. Hapakuwa na daraja, wala vita, wala ukungu. Zimwela alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya karanga, na sura yake ilikuwa ya Bi Nyanzala, pamoja na lile pengo la jino la juu. Alikuwa akieleza jinsi mbuzi wa jirani alivyokula pazia. Kalunde alingoja Kuzi atokee, mpiga upinde wake, aliyemwongoza miaka yote kumi na tisa. Alingoja sana. Kisha akaelewa kwamba Mfumaji alikuwa amewaondoa wote, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kila walipotokea mabega ya mzee yalikakamaa. Iliuma kuliko alivyodhani ingeuma.

"Hiyo ya mbuzi umeisikia mara ngapi?"

"Kila siku anaongeza neno."

"Haongezi yeye, mzee. Ni mtambo wangu."

"Najua. Nimezeeka, sijapumbaa."

"Sheria ni yako mwenyewe. Dadu ikilala imelala."

"Ile ni ya mezani. Hapa hakuna dadu." Mzee akasema bila kuvua miwani, "Daraja lile nililiweka mimi, Kalunde. Ningeweza kuweka kivuko. Wasikilizaji waliandika kwamba hadithi imepoa, nami nikataka kuwafurahisha."

Kidole cha Kalunde kilikuwa tayari kwenye swichi iliyo chini ya kiti.

"Nakizima, mzee."

"Usizime."

Alikizima. Alijua kwamba hakupewa ruhusa, na kwamba hilo si jambo dogo.

Ndani ya miwani zao ikaja filamu kama ilivyopigwa na waongozaji, ile ambayo watazamaji hawakuwahi kuiona. Daraja lilikatika. Zimwela, sasa msichana mrembo mwenye nywele zilizosukwa vizuri, alining'inia kwenye kamba akilia. "Naomba," alisema, huku vinanda vikimsindikiza. "Msiniache. Naomba."

Mzee Kapela alisimama.

"Hakuomba," alisema. Kisha kwa sauti ya msimulizi, ile iliyojaza chumba enzi zake, "Huyu hakuomba. Dadu ilitoa moja, akacheka mpaka akapaliwa. Akachana karatasi yake mwenyewe, akatugawia vipande, akaniambia, 'Msimulizi, endelea, chai inapoa.' Hata hospitali hakuomba. Niliyeomba ni mimi."

Watu walivua miwani. Kwa wiki kumi hakuna aliyemtazama mwenzake ndani ya jumba lile.

"Ni kweli alicheka," alisema mwanamke wa safu ya tano. "Nilikisikia kipindi kile."

"Mbona kwangu ameolewa na mfalme?" akauliza mwingine.

"Mfalme gani? Mfalme alikufa mwanzoni."

"Nani kakwambia?"

Wakaanza kubishana, kwanza kwa haya, kisha kwa vidole. Katika chumba cha mitambo taa za kijani ziligeuka nyekundu safu kwa safu. Kalunde hakuwepo kuziona. Alikuwa akimfuata mzee kwenye korido, akimwona anavyojishikilia ukutani.

"Umeninyang'anya," alisema Mzee Kapela.

"Ndiyo."

"Alikuwa hajamaliza ya mbuzi."

"Najua, mzee."

Mzee alilia akiwa amesimama wima, bila kuficha uso. Kalunde hakuthubutu kumgusa. Alipomaliza, akajipangusa kwa kiganja na kunyoosha koti.

"Fomu ya malalamiko iko wapi?"

"Tuliiondoa."

"Basi andika."

Kalunde akatafuta karatasi mifukoni, akaandikia juu ya goti. Mzee alitaja makosa ishirini na saba, kuanzia kamba za daraja hadi vinanda, na kila kosa alilisahihisha kwa kueleza mkewe alivyofanya siku ile, alikaa wapi, alivaa nini, alimtania nani. Karatasi ilijaa pande zote mbili. Mwishoni akaichukua, akaisoma polepole, akatia sahihi.

"Jumamosi nitakuja," alisema, akimrudishia. "Lakini wewe usikae karibu nami."