Ukungu Si Ndama

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu ya kufukuza ukungu, Cheptoo alikuwa ameshavaa gamboti zake na kushika ndoo. Kwao ni juu kidogo ya soko la Roret, mahali ambapo shamba la majani chai huanzia mlangoni na kuishia mawinguni. Saa kumi na mbili na nusu huoni mwisho wake. Unaona mistari mitano au sita ya chai, kisha dunia yote ni nyeupe na laini, na ng'ombe wa jirani analia kutoka mahali usipopajua. Cheptoo aliipenda saa hiyo kuliko nyingine zote. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwalimu wake alikuwa ameandika kwenye ripoti kwamba huota ndoto darasani macho yakiwa wazi. Mwalimu hakukosea.

Ndoto yenyewe ilikuwa moja tu. Yeye angekua, Ukungu naye angekua, na siku moja wangepita katikati ya chai, yeye akiwa mgongoni, bila sauti yoyote ila kwato kwenye udongo mwekundu.

Ukungu alikuwa mtoto wa farasi wa miezi kumi. Msidhani farasi ni wengi Roret. Ng'ombe wapo tele na punda wapo wachache, lakini farasi alikuwa yeye peke yake, na waliopeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai walisimama uani kumtazama. Babake Cheptoo alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika shamba la farasi upande wa Kedowa. Shamba lilipofungwa, mwenye shamba alimpa farasi jike mzee kama zawadi ya kuagana. Hakuna aliyejua kwamba jike huyo ana mimba. Alizaa asubuhi ya ukungu mzito, na wiki tatu baadaye akafa. Wakati huo Baba alikuwa ameshapata kazi nyingine Nanyuki, kwa hiyo yule mtoto wa farasi akabaki mikononi mwa Cheptoo, mamake Rachael, na bibi yake ambaye wote walimwita Kogo.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na lilikuwa kosa la watu wa ng'ombe. Katika nyumba za huko, kila mtoto anajua namna ya kumfundisha ndama kunywa kwenye ndoo. Unachovya vidole ndani ya maziwa, unampa anyonye, halafu unashusha mkono polepole mpaka mdomo wake uguse maziwa. Akishajua kunywa, unaondoa vidole na mambo yanaishia hapo. Cheptoo alimfanyia Ukungu vivyo hivyo. Ukungu akanywa, akapata nguvu, akanenepa. Ila vidole havikuondolewa. Ilikuwa raha mno kusimama katika weupe ule, umefumba macho, huku mdomo wenye joto unakunyonya vidole na mawazo yako yanakwenda yanakotaka.

Lakini mtoto wa farasi huota meno. Alipofika miezi sita, Ukungu hakuwa ananyonya tena, alikuwa anauma. Alisukuma watu kwa kichwa akitafuta mikono yao. Kogo akacheka, akampa mahindi ya kuchemsha kiganjani ili amwachilie. Ukungu akajifunza kwamba ukimsukuma mtu, unapewa mahindi.

"Cheptoo, hii farasi yako haina adabu," Mama alisema siku Ukungu alipomsukuma hadi kwenye ua na kumwaga kikapu kizima cha majani.

"Anacheza tu, Mama."

"Mimi nilimwambia nataka kucheza?"

Wiki hiyo ng'ombe wao aliugua kiwele, na Daktari Wilkista akaja na pikipiki yake. Alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi asiyekuwa na haraka, ambaye zamani aliwahi kutibu farasi kule Kedowa. Alipokuwa akifungua mkoba, Ukungu alikuja nyuma yake na kumuuma mkono wa koti. Kogo alicheka. Daktari hakucheka. Aligeuka taratibu, akaweka kiganja kwenye kifua cha Ukungu, akasema, "Rudi," kisha akangoja. Ukungu alisukuma. Kiganja hakikuondoka. Alisukuma tena, akachoka, na mwishowe akapiga hatua moja nyuma. Papo hapo Daktari akashusha mkono na kumkuna shingo.

"Nani anamlisha kwa mkono?" akauliza.

Cheptoo alitazama gamboti zake. "Ni mimi, Daktari. Tulimlea kama ndama."

"Nimeona. Lakini huyu si ndama. Sasa hivi anakaribia kilo mia mbili, na mwakani atakuwa mia tatu. Akikutafuta vidole wakati huo, utabaki na vingapi?"

Alimwonyesha la kufanya, na halikuwa jambo kubwa. Dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Kumvika hatamu, ile kamba ya kichwani, na kutembea naye akiwa kando, si mbele. Kumwambia "rudi" na kungoja arudi kabla ya kumwaga chakula. Kuinua kwato moja moja. Mkono usiwe na chakula hata siku moja. "Na wote nyumbani wafanye hivyo hivyo," alisema huku akipanda pikipiki. "Kogo, hata wewe."

Kogo alijifanya hasikii vizuri.

Siku tisa Cheptoo alifuata kila neno. Siku ya kwanza Ukungu alimburuta mpaka kwenye migomba. Siku ya tano alirudi hatua moja kabla hajaguswa kifua. Siku ya tisa alisimama akingoja ndoo, masikio mbele, na Cheptoo alilala usiku huo akitabasamu.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Cheptoo alikuwa na huzuni kidogo, kwa sababu Baba alikuwa amepiga simu kusema kwamba hatakuja mwezi huo. Alisimama karibu na Ukungu bila hatamu. Dunia ilikuwa kimya. Ukungu akaleta pua yake kwenye mfuko wa sweta, polepole, kama zamani. Mara moja tu, Cheptoo alijiambia. Hakuna anayeona. Akampa vidole, naye Ukungu akavipokea kwa upole kabisa.

Kesho yake, wakati Cheptoo alikuwa kanisani na mamake, Kogo aliyebaki nyumbani alipeleka ndoo zizini. Ukungu alikuja moja kwa moja kwenye mkono wake. Kogo hakuwa na mahindi. Ukungu akauma, Kogo akavuta mkono, na Ukungu akamsukuma kwa kifua kizima. Waliporudi walimkuta ameketi kwenye matope, uso umepauka, ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Walirudi kutoka hospitali jioni, Kogo akiwa na plasta nyeupe mpaka karibu na kiwiko. Mama hakupaza sauti, na hilo lilimwogopesha Cheptoo zaidi.

"Shule zikifungwa, Kepher atakuja kumchukua Ukungu," alisema. Kepher alikuwa fundi wa matofali huko Kapsoit na alikuwa akitafuta mnyama wa kuvuta mkokoteni. "Zimebaki wiki tano. Kogo si wa kuchezewa na farasi."

"Rachael, pengine kosa ni langu," Kogo alisema. "Mimi na mahindi yangu. Daktari aliniambia, nikapuuza."

Mama aliitikia kwa kichwa. Mambo yangeweza kuishia hapo. Cheptoo alijua kwamba angenyamaza dakika moja zaidi, kosa lote lingekuwa la Kogo, mwenye plasta.

"Si Kogo," alisema. "Ni mimi. Jana nilimpa vidole tena. Nilisema ni mara moja tu." Kisha akalia, na hakuna aliyemkataza.

Daktari Wilkista alipokuja Jumatano kumtazama ng'ombe, alisikiliza habari yote kwa Cheptoo bila kumkatiza. "Farasi hajui mara moja tu," alisema. "Wewe unajua ulikuwa na huzuni. Yeye anajua kwamba jana ilikuwa hapana na leo ni ndiyo, basi kesho atajaribu kwa nguvu zaidi. Hakumchukia Kogo. Alikuwa anauliza swali, na nyinyi watatu mnampa majibu matatu."

"Nimechelewa?"

"Wiki tano zinatosha, ukizitumia zote."

Cheptoo akazitumia zote. Nisiseme uongo kwamba ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza Ukungu alikuwa mbaya kuliko zamani, akauma kamba, akapiga teke ndoo ikapinda. Wiki ya pili Cheptoo alikuwa na mafua na kichwa kilimuuma, lakini akaenda zizini. Mama, aliyeapa kwamba hataki kumwona mnyama huyo, alianza kusimama kando ya ua jioni, halafu akaingia, halafu akashika hatamu na kusema "rudi" kwa sauti ile ile anayotumia kuamrisha watoto waoge. Ukungu alimwelewa upesi. Kogo peke yake hakukaribia. Alikaa barazani na mkono wake, akitazama kila siku.

Na jambo la ajabu ni kwamba zile dakika kumi za asubuhi zilianza kuwa tamu kuliko raha ya vidole. Walitembea wawili katika ukungu, huku hatua zake na hatua za Ukungu zikilingana, na kamba imelegea katikati yao.

Shule zilipofungwa, Kepher alifika saa nane mchana na pikapu. Alikuwa mtu mpole, akasalimu kila mtu kwa mkono. Mama alimkaribisha kiti, kisha akamgeukia Kogo. "Aliyeumia ni wewe. Sema wewe."

Kogo aliinuka, akachukua ndoo kwa mkono wa kulia, akaelekea zizini. Plasta ilikuwa imetolewa, lakini mkono wa kushoto bado ulikuwa mwembamba na dhaifu. Cheptoo alitaka kukimbia amtangulie. Mama akamshika bega.

"Wewe hapa," alisema. "Akikutii wewe peke yako, hajafunzika."

Kogo alifungua lango. Ukungu aliinua kichwa, akaja. Hatua moja, mbili, tatu. Kogo aliinua ule mkono dhaifu, kiganja mbele.

"Rudi," alisema.

Ukungu alisimama. Pua yake ilikuwa karibu kabisa na vidole vya Kogo. Alivinusa kwa muda mrefu. Kisha akarudi nyuma hatua moja, na nyingine, akatulia, akingoja. Kogo alimwaga chakula bila haraka, akatoka, akafunga lango.

"Huyu ni wetu," alimwambia Kepher.

Kepher alitikisa kichwa akicheka. "Hata mimi singemtoa. Leteni chai basi, nisiwe nimekuja bure." Alikunywa vikombe viwili, akaondoka na pikapu tupu.

Cheptoo alikaa kwenye nyasi kando ya mamake. Mama alinyoosha kidole ng'ambo ya kijito, kwenye shamba la jirani aliyehama miaka mingi iliyopita. Palikuwa na miti mirefu, myembamba, imesongamana.

"Unajua ule ni msitu gani?"

"Ni chai, Mama. Waliiacha."

"Ni chai kama hii yetu. Chai ni mti, mwanangu. Yetu inakaa kiunoni kwa sababu tunarudi kuichuma kila baada ya siku kumi, mvua inyeshe, jua liwake, tuwe na raha au tusiwe nayo. Hakuna siku moja iliyoifanya hivyo. Ukungu naye ni hivyo hivyo. Kumpenda sio kumpa anachotaka ukiwa na huzuni. Kumpenda ni kumwekea mpaka, na mpaka huo aukute mahali pale pale kila siku, kwako, kwangu na kwa Kogo, ili asiishi akibahatisha."

Cheptoo aliegemea bega la mamake. Jua lilikuwa linashuka juu ya chai, na weupe wa kwanza wa jioni ulianza kupanda kutoka kijitoni. Angeweza kukaa pale akiota mpaka giza. Mama akatazama simu yake.

"Saa kumi na moja imefika."

"Hata leo, Mama?"

"Hata leo."

Cheptoo akainuka, akapangusa nyasi kwenye sketi, akaenda kuchukua hatamu.