Siku ya Pili Hakuna Wimbo

"Hiyo usiichukue. Mwishoni anakufa."

Tasnim aligeuka na simu yake sikioni. Duka la Wahindi pale Fairfax, huko ughaibuni, lilikuwa limefurika, kama Jumamosi zote: akina mama wa sari wakichagua bamia moja moja, watoto wakililia ladu, harufu ya bizari na ubani ikimpokea mtu hata hajaufunga mlango. Alikuwa kwenye kona ya DVD za kukodi, akizungumza na mama yake Unguja, sinema mkononi.

"Nani huyo?" mama akauliza simuni.

"Mtu tu, mama. Kaniharibia sinema."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili. Nitakupigia baadaye."

Mharibifu mwenyewe alikuwa kijana mrefu, shati la kijani la kasuku, tai imelegea, na koti jeusi lililomzidi mabegani, koti la kuazima bila ya shaka. Alikuwa na macho ya upole na aibu ya mtu aliyekwisha kusema kabla hajafikiri.

"Samahani, dada. Nimesikia lafudhi ya kwetu, ulimi ukanitoka. Naitwa Shamte. Wa Tanga."

"Na Tanga ndivyo mnavyosalimiana? Mnaanza na maiti?"

Alicheka mpaka mzee wa dukani akainua kichwa. Tasnim naye, aliyejifunga mtandio wa manjano na uso wa kazi, akajikuta anatabasamu.

"Tai ya nini Jumamosi?"

"Nimetoka kwenye maonyesho ya ajira. Nimegawa CV kama kadi za harusi."

"Wamekubali?"

"Wanasema watanipigia. Na wewe, unaelewa Kihindi?"

"Kwetu nani haelewi? Kusoma sijui, lakini kulia nalia bila ya kutafsiriwa."

Ndivyo walivyoanza. Mwaka ule wa 2008 Tasnim alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya maabara katika kliniki moja, na Shamte, mhandisi aliyesomea Dar es Salaam, alikuwa akilala kwa binamu zake Manassas na kutafuta kazi kila kukicha. Jumapili alikuja Fairfax kutazama sinema, na Wamaitha, msichana wa Kikenya aliyekuwa akikaa nyumba moja na Tasnim, aliketi katikati yao na bakuli la bisi, akijiita ukuta wa heshima.

Kugombana kwao kulikuwa juu ya jambo moja.

"Tazama," Tasnim angesema. "Kijana anahangaika na faili lake la vyeti, mvua inamnyea, ofisi zote zinamfukuza. Hapo naamini, hapo ni mimi na wewe. Kisha anapata kazi, anampigia mama, mama analia, unaingia wimbo. Wimbo ukimalizika ana gari na ofisi ya vioo! Kazi aliifanya lini?"

"Hawasemi uongo. Wanaruka tu."

"Mbona hatumwoni siku ya pili?"

"Siku ya pili hakuna wimbo, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Wamaitha alijifanya anatafuta bisi iliyoanguka chini ya kochi.

Siku ya usaili wa Shamte, Tasnim alimfuata mpaka maegesho ya ile ofisi ya wahandisi, na kikombe cha mtindi mkononi. Wote wawili walikuwa wameona mara nyingi mno jinsi mama wa sinema anavyomlisha mwanawe kijiko cha mtindi na sukari kabla hajaenda kutafuta riziki. Si mila yao wala ya babu zao, lakini mtu aliyekulia mbele ya sinema hizo ataikataaje?

"Mama yako yuko Tanga. Fumbua kinywa."

"Watu wanatutazama."

"Watutazame. Sema bismillahi umeze."

Kazi akapata. Akampigia Tasnim simu, wakalia wote wawili, na kweli kwa miezi kadhaa maisha yakawa kama wimbo. Alinunua koti linalomkaa, akawa anasema, "Idi kubwa, Mungu akipenda, wazee wangu watabisha hodi Unguja."

Vuli ya huku isiyo na mvua ilipofika, majani yakawa mekundu, uchumi ukaporomoka. Kila kituo cha televisheni kilikuwa na watu wanaotoka maofisini na maboksi. Shamte akaanza kuadimika. Simu hapokei, akipokea ana haraka. Katika siku hizo hizo mama alipiga na sauti ya habari njema: watu wa Columbia, huku huku ughaibuni, familia ya Wazir mwenye duka la dawa, walikuwa wametuma ujumbe Unguja wa kumposa Tasnim.

Tasnim alimweleza Shamte kwa simu, akingoja aruke kama chui. Shamte akasema tu kwamba atakuja Jumapili.

Alikuja na lile koti la kuazima. Hakukaa. Alisimama dirishani, akatazama maegesho.

"Tasnim, nina jambo. Nyumbani wameniposea. Binti wa ami yangu, Pangani. Nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Nimekubali kumuoa. Wewe mchukue Wazir. Ni mtu wa maana."

"Nani kakuuliza habari za Wazir? Nigeukie, Shamte."

Hakugeuka. Alitoka akiwa amempa mgongo, na mlango akaufunga taratibu, jambo lililomuuma Tasnim kuliko kama angeubamiza.

Aliumia. Sitaki kulipaka rangi jambo hili. Alikuwa akitoa watu damu kutwa, akiwabembeleza wasiogope sindano, kisha anakwenda msalani kulia, ananawa, anarudi. Mtandio wa manjano aliukunja akautia chini kabisa ya kabati. Mama alitaka jibu kabla ya Idi kubwa, na jibu la kukataa hakuwa nalo tena.

"Nipe mpaka Ijumaa, mama."

"Watu wa watu wanangoja, mwanangu."

"Ijumaa nitakujibu."

Jumatano jioni Wamaitha alirudi kutoka hotelini kwake Crystal City, alikofanya kazi mapokezi. Hata viatu hakuvua.

"Aki Tasnim, nimemwona yule msee wako."

"Si wangu tena. Ni wa Pangani."

"Pangani gani? Ako basement ya hoteli yetu, anasukuma mashuka machafu! Nimeuliza wasee wa laundry. Ile job yake ya engineer walim-lay off kitambo, hana tena. Na hawajawahi kusikia ati anaoa. Huyo jamaa hata lunch hana."

Tasnim alikaa chini polepole. Akakumbuka ile Jumapili ya sinema yenye karani aliyefukuzwa kazi. Karani yule alimwambia msichana wake kwamba nyumbani wamemposea mwingine, ili aende akaolewe na mwenye uwezo, naye akabaki peke yake na machozi. Tasnim aliikemea televisheni siku hiyo. "Mpumbavu! Kwa nini asimuulize mwenyewe?" Shamte alikuwa akifuta macho kwa mkono wa shati. "Huyo anapenda kwelikweli," alisema.

Na yule karani naye alisimama dirishani. Wanaume wa sinema hizo wakisema uongo wa mapenzi, lazima wampe msichana mgongo, maana machozi yao ayaone mtazamaji tu. Tasnim alikuwa ameliona tendo hilo mara mia, na lilipotendwa sebuleni kwake hakulijua. Hasira zikampanda juu ya huruma, huruma juu ya hasira, na usiku ule hakupata usingizi.

Asubuhi aliomba ruhusa kazini, akajifunga mtandio wa manjano, akaendesha gari mpaka kituo cha treni cha Manassas.

Katika sinema msichana hukimbia kituoni, mtandio unapepea, treni inaondoka na mpenzi harudi tena. Treni ya Manassas ya kwenda Crystal City ilikuwa imesimama kimya ikiwangoja wafanyakazi na vikombe vyao vya kahawa, na jioni ingewarudisha. Hapakuwa na haja ya kukimbia. Alinunua tiketi kwenye mashine, akapanda, akatembea kutoka behewa hadi behewa mpaka akamwona. Alikuwa ameegemea dirisha, macho mekundu, vidole vimechubuliwa na sabuni.

Akaketi kando yake.

"Kwa hiyo mimi ni wa kuamuliwa," alisema.

Shamte alishtuka, akageukia dirishani.

"Huko sipo. Nitazame huku."

Akamtazama. 

"Nilikuwa mtu wa tai," alisema. "Sasa nafua. Wazir ana..."

"Wazir sikumpa mtindi." Alifungua mkoba, akatoa kikombe kidogo na kijiko. "Fumbua kinywa."

"Hii ni ya intavyuu, Tasnim. Mimi nakwenda kufua mashuka."

"Kwani hiyo si kazi?"

Abiria wa mbele yao alikuwa amelala, kitambulisho cha ofisi kimemning'inia shingoni. Shamte alifumbua kinywa, akameza, na machozi yakamtoka mbele ya Tasnim, uso kwa uso.

"Huko Unguja sasa ni alasiri," Tasnim alisema, akabonyeza simu. "Mama? Yupo mtu anataka kuzungumza nawe. Yule aliyeniharibia sinema." Akamtia simu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ya mama ilisikika mpaka kwa Tasnim. "Wasemaje?"

"Namtaka binti yako, mama. Kwa ndoa."

"Kazi yako nini?"

Kijana alimtazama Tasnim, hakuondoa macho.

"Nafua mashuka ya hoteli. Nilikuwa na kazi ya uhandisi, wakatupunguza. Nikamdanganya kwamba naoa Pangani, nikidhani namtendea wema."

 Tasnim alihesabu pumzi zake mwenyewe. Akina mama wa Unguja wamelilia makarani wengi sana wa sinema, lakini kumpa mmoja wao binti ni jambo jingine.

"Hata chai umekunywa, weye?" mama akauliza mwishowe.

"Nimelishwa kijiko cha mtindi na sukari, mama."

Mama hakuhitaji kuelezwa ni nini hicho, wala nani aliyemlisha. Akashusha pumzi.

"Basi wale watu wa Columbia nitawaomba radhi. Na wewe waambie wazee wako waje. Waje na ukweli huo huo, wasiupunguze."

"Inshallah, mama. Samahani, hiki ndicho kituo changu. Nikichelewa watanikata mshahara."

"Nenda kazini, mwanangu."

Alimrudishia Tasnim simu, akamgusa mkono, akashuka. Tasnim alimtazama kupitia kioo akipanda ngazi katikati ya umati wa wafanyakazi, koti la kuazima limemzidi mabegani, mpaka treni ikaondoka.