Fundo Lililoteleza

Kila Ijumaa baada ya masomo, msichana mmoja wa darasa la sita aliyeitwa Chapuchapu alivua sare, akala chakula chake akiwa amesimama, kisha akatoka mbio kwenda kwenye banda la mjomba wake kando ya bwawa. Mama yake alikuwa amechoka kumwambia akae chini.

"Siku moja utumbo wako utajifunga fundo," alimwambia, "na hilo hutaliweza kulifungua."

Banda lilinukia rangi ya boti. Makasia yalisimama ukutani, majaketi ya kujiokolea yalining'inia kwenye misumari, na juu ya meza kulikuwa na visanduku vya ndoana, chubwi za risasi za kuzamishia mishipi na vijisamaki vya mti ambavyo Mjomba alivichonga na kuvipaka rangi viwe chambo. Mjomba alikuwa na boti tatu. Kila Jumamosi aliwapeleka watu bwawani kuvua kwa ufito samaki anayeitwa besi. Lakini pale hakuna aliyemwita besi. Walimwita Domo, kwa sababu kinywa chake kiliweza kumeza ngumi ya mtu mzima, na kwa sababu alijificha kwenye visiki vilivyozama majini, akasubiri samaki wadogo wapite, akawameza bila hata kuwauliza hali.

Kazi ya Chapuchapu ilikuwa kufunga ndoana kwenye mishipi. Alianza akiwa na miaka tisa, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mtu yeyote pale bandani. Wavuvi walimsifu. Walipomsifu, shingo yake ilirefuka kama ya twiga.

Mjomba alikuwa amemfundisha vizuri. "Pitisha mshipi kwenye tundu la ndoana," alikuwa akimwambia. "Uzungushe mara tano. Nne hazitoshi. Rudisha ncha kwenye kitanzi, lowesha fundo kwa mate, ndipo uvute taratibu. Ukivuta fundo kavu, mshipi unajikwaruza wenyewe na kupoteza nguvu. Halafu lijaribu. Fundo usilolijaribu wewe, samaki atakujaribia."

Ijumaa hiyo Chapuchapu alifuatana na rafiki yake wa darasani, Miwani, ambaye alikuwa hajawahi kuingia bandani. Mjomba alikuwa nje akipaka boti rangi. Miwani alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamtazama rafiki yake akifunga ndoana ya kwanza.

"Wanakuita Chapuchapu kwa hilo tu?" alitania. "Hebu nione. Ndoana kumi na mbili kabla sijahesabu hadi mia mbili. Moja, mbili, tatu..."

Chapuchapu hakungoja aambiwe mara ya pili. Vidole viliruka. Mshipi uliingia kwenye tundu, ukazungushwa mara tatu, ukavutwa, na ndoana ikatupwa kando. Hakulowesha hata fundo moja. Hakujaribu hata moja. Miwani alipofika mia moja na tisini, ndoana zote kumi na mbili zilikuwa zimelala mezani.

"Aisee!" alisema Miwani. Kisha akakunja uso. "Lakini umeniambia njiani kwamba lazima uzitemee mate."

"Mafundo yangu yananijua," alijibu Chapuchapu, akazitia ndoana kwenye kopo.

Asubuhi iliyofuata mteja wa kwanza alikuwa Bibi Sindano. Alikuwa muuguzi mstaafu, na nusu ya watu wa mji ule alikuwa amewadunga sindano kwa mkono wake. Hata mwalimu mkuu, akikutana naye njiani, alishika mfuko wa nyuma wa suruali bila kujijua.

"Shikamoo, Bibi," Chapuchapu alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo namtaka yule mkubwa wa kwenye visiki. Nimemwota."

Walivaa majaketi, wakaingia botini mmoja mmoja, wakiinama ili boti isiyumbe. Chapuchapu alikaa katikati, ashike wavu wenye mpini. Mjomba alipiga kasia polepole. Walipokaribia visiki, aliacha kabisa kupiga, akaiacha boti iende yenyewe.

"Kasia likigonga boti, Domo anasikia kama wewe unavyosikia mlango wako ukibishwa," alinong'ona. "Rusha pale penye kivuli, Bibi. Kiache chambo kizame kidogo, ndipo ukivute."

Bibi Sindano alirusha. Chambo kilitua karibu na kisiki bila kishindo. Alikivuta kidogo, akatulia, akakivuta tena. Mara ufito ulipinda kama upinde.

"Ufito juu!" Mjomba alisema. "Usiulegeze mshipi! Akitaka kwenda mwache aende, akichoka ndipo umvute!"

Samaki aliruka nje ya maji na kutikisa kichwa. Alikuwa mkubwa kuliko Domo yeyote ambaye Chapuchapu alikuwa amewahi kumwona. Bibi Sindano hakupiga kelele. Alikaza midomo, akamvuta, akamwachia, akamvuta tena. Samaki alikuwa amebakiza urefu wa kasia moja kufika botini. Chapuchapu alikwisha kunyoosha wavu.

Ghafla ufito ukanyooka. Maji yakafanya duara pale samaki alipokuwa, kisha yakatulia.

Wakati huo boti ilikuwa imesukumwa juu ya kisiki, na Mjomba alikuwa amegeuka kuichomoa. Chapuchapu aliukamata mshipi uliokuwa ukielea, akaitazama ncha yake. Mshipi uliokatika huwa na ncha iliyonyooka. Ncha hii ilikuwa imejikunja kama mkia wa kinyonga, na mkunjo kama huo huachwa na kitu kimoja tu: fundo lililoteleza.

Kabla hajafikiri, aliuma ule mkunjo, akautenga na mshipi. Kutupa mshipi majini hakukuruhusiwa, maana hunasa miguu ya ndege, kwa hiyo aliutia mfukoni.

"Umekatika?" Mjomba aliuliza akiwa bado amewapa mgongo.

"Umekatika," Chapuchapu alisema.

Bibi Sindano aliuweka ufito magotini. Akaiangalia mikono yake, juu, halafu viganjani.

"Nimemvuta kwa nguvu kupita kiasi," alisema. "Sikuhisi. Mikono hii ilitafuta mishipa ya watoto wachanga miaka arobaini, na leo mshipi mmoja umeishinda."

"Hutokea, Bibi," Mjomba alimtuliza. "Hata kwangu hutokea."

"Nirudishe nyumbani, mwanangu."

Mjomba alishika makasia, akaigeuza boti.

Kesho yake, Jumapili mchana, Mjomba alifika nyumbani kwa kina Chapuchapu akiwa ameshika ufito mrefu uliofungwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

"Wa Bibi Sindano," alisema. "Anasema amevua vya kutosha na haendi tena. Ameniambia nikupe wewe, kwa sababu eti una vidole ambavyo yeye alikuwa navyo zamani."

Mama aliacha kufua, akafuta mikono. "Mwanangu! Bibi yule hampi mtu kitu ovyo ovyo. Hebu ushike nikuone!"

Chapuchapu hakunyoosha mkono. Ufito ule wengi waliutamani, na hata yeye aliwahi kuushika kwa siri ndani ya banda. Sasa aliuona kama nyoka. Alikimbilia chumbani. Mama na Mjomba walitazamana. Alirudi na kaptula yake ya jana, akatoa kitu kidogo mfukoni, akakiweka mezani mbele ya mjomba wake.

Mjomba aliinama. Hakuhitaji kuelezwa. Alivuta kiti, akaketi.

"Fundo liliteleza," alisema polepole. "Uliliona palepale botini?"

"Ndiyo, Mjomba. Nilizungusha mara tatu. Sikulowesha. Nilikuwa nashindana na Miwani."

"Nilipokuuliza, ukasema umekatika."

"Kila mtu husema mafundo yangu ni mazuri," Chapuchapu alisema, machozi yakimlengalenga. "Niliogopa wataacha kusema."

Mama alifungua kinywa, lakini Mjomba alimwashiria asubiri.

"Umenidanganya ndani ya boti yangu," Mjomba alisema. "Hilo mimi na wewe tutalizungumza. Lakini aliyeumia si mimi. Kachukue lile kopo la ndoana bandani, na mshipi mpya. Halafu upeleke huu ufito kwa mwenyewe. Utakwenda peke yako."

Bibi Sindano alimkuta mlangoni, akamkaribisha sebuleni. Chumba kilikuwa kisafi kama zahanati. Vitambaa vya viti vilinyooshwa, saa ya ukutani ililia taratibu, na kofia yake ya kuvulia ilikuwa ndani ya boksi, tayari kufungwa kwa kamba.

"Umekuja kushukuru?" aliuliza akitabasamu. "Mbona umekuja na ufito tena?"

"Siwezi kuupokea, Bibi. Samaki hakupotea kwa sababu ya mikono yako. Ni fundo langu lililoteleza. Nililiona, nikaficha."

Alimpa ule mkunjo wa mshipi. Bibi Sindano alivaa miwani, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Tabasamu likatoweka.

"Unajua nimefanya nini tangu jana?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini, lakini ilikata. "Nimekaa kwenye kiti hiki naitazama mikono yangu. Leo asubuhi nimeogopa hata kujimiminia chai. Ulikuwa unaizika mikono yangu ikiwa hai, mtoto wewe."

"Nisamehe, Bibi."

"Kopo hilo lina nini?"

"Ndoana nilizofunga siku ile. Zimebaki kumi na moja."

"Zilete."

Bibi Sindano alipachika ndoana ya kwanza kwenye nondo ya dirisha, akajizungushia mshipi kwenye kitambaa mkononi, akavuta. Fundo likateleza. Akapachika ya pili. Likateleza. Alizijaribu zote, na Chapuchapu alilazimika kuhesabu kwa sauti. Kati ya kumi na moja, saba ziliteleza.

"Sasa keti," Bibi alisema. "Funga nyingine nikiona. Usinitazame mimi. Tazama kazi."

Chapuchapu aliketi. Akazungusha mara tano, akarudisha ncha, akalowesha, akavuta taratibu. Ndoana ya kwanza ilimchukua muda mrefu kuliko ndoana sita za juzi. Bibi aliipachika kwenye nondo na kuivuta. Fundo halikutikisika. Alivuta tena, safari hii akiegemea nyuma kwa mwili wote, mpaka dirisha likalia kwaa!

"Bibi, utang'oa dirisha!" Chapuchapu alipiga kelele. "Una nguvu kuliko Mjomba!"

Bibi Sindano alisimama akihema. Aliikunja mikono yake, akaikunjua. Kisha akaangua kicheko, na mara Chapuchapu naye akajikuta anacheka huku analia.

"Sikiliza," Bibi alisema baada ya kutulia. "Wodini tulikuwa na msemo: mficha maradhi kifo humuumbua. Kila muuguzi amewahi kukosea. Mimi pia. Niliyemwogopa ni yule aliyekosea akakaa kimya, kwa sababu hapo mgonjwa mwingine ndiye aliyelipa. Haya, malizia hizo ndoana. Jumamosi nakwenda bwawani, na wewe utakuwa botini."

Jumamosi ilipofika, Chapuchapu alifungua visanduku vyote bandani tangu asubuhi. Alizijaribu ncha za ndoana kwenye ukucha wake. Iliyokwama ukuchani ilikuwa kali, akaiweka upande mmoja; iliyokuwa butu aliinoa. Kila fundo alilivuta mara mbili.

Walirudi kwenye visiki vilevile. Bibi Sindano alirusha mara kumi na nne bila kupata kitu. Mara ya kumi na tano ufito ukapinda, na mshipi ukaanza kukata maji kwa kasi. Samaki aliruka, akazama chini ya boti, akatokea upande wa pili. Bibi alimfuata kwa ufito, mikono ikiwa imetulia tuli.

"Wavu, mjukuu wangu! Uutie majini kwanza, usimkimbize!"

Chapuchapu aliuzamisha wavu, akangoja. Domo aliingia mwenyewe, mzito kama gunia lililolowa. Walilowesha mikono ili wasimwondolee utelezi unaomkinga na magonjwa, wakamshika mdomo wa chini, wakampima. Sentimita hamsini na tisa! Hakuna aliyewahi kumpata mrefu hivyo katika boti za Mjomba. Bibi Sindano alimtazama jicho kwa jicho, akamrudisha majini, naye akapiga mkia na kutoweka.

Kwenye gati wavuvi wengine walikuwa wameona. Walishangilia na kumpigia Bibi makofi, naye akamvuta Chapuchapu mbele, akamwekea mkono begani.

"Msinishangilie peke yangu," aliwaambia. "Juma lililopita msichana huyu alikosea, akaficha, nami nikalibeba kosa lake nikidhani ni langu. Kisha akatembea peke yake hadi kwangu kulichukua. Kumbuka, mjukuu wangu: kosa likifichwa halifi. Linahama tu, likamkalie asiyehusika. Ukilikiri mapema, linabaki dogo, na unaweza kulirekebisha kwa mikono yako mwenyewe."

"Nimekusikia, Bibi."

Mvuvi mmoja alikuwa akiikagua ndoana ya Bibi. Alilivuta lile fundo kwa nguvu, akalivuta tena, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Kazi safi hii," alimwambia Mjomba. "Umelifunga wewe?"

"Mimi? Hapana," Mjomba alijibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye boti ya mwisho. "Ni mpwa wangu huyu. Na akikuambia ndoana ni nzima, panda boti uende, usiulize mara mbili. Fundo lake nimelijaribu, na neno lake nimelijaribu pia."