Posa Ofisini kwa Mkuu wa Kituo

Bethwel Kiplangat, karani wa kupima majani chai, alimpiga kikumbo Mokeira katikati ya soko la Merigi, mwaka wa sabini na saba, ndizi za watu zikatapakaa chini. Mokeira alivaa rinda la kijani lenye kola nyeupe. Bethwel alivaa gambuti zenye matope hadi magotini.

"Okota moja moja," Mokeira akasema.

"Nikimaliza utaniambia unaishi wapi?"

"Nyumba ya mkuu wa kituo cha polisi. Bado unaokota?"

Akaokota zote. Kwa miezi miwili akawa anampigia simu kituoni kutoka ofisi ya kiwanda, na kila mara askari alimwita Mokeira kwa adabu kubwa. Bethwel akajua moja kwa moja kuwa yule ni binti wa mkuu.

"Mpenzi, mzee wako ni mkali?"

Mokeira akacheka mpaka waya ukakwaruza. "Mkuu wa hapa wanamwogopa. Njoo uone."

Kwa Wakipsigis kijana hajiposei. Bethwel akamchukua ami yake, Mzee Chepyegon, na blanketi lake na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya heshima. Mzee alimwonya kwamba akiaibishwa mlangoni hatarudi tena, na posa itakuwa imekufa.

Askari akawaingiza ofisini, akasimama mlangoni. Nyuma ya meza aliketi Mokeira, amevaa sare za khaki, na nyota mbili begani.

"Tunamtaka mwenye kituo," mzee akasema.

"Ni mimi, baba."

Mzee akamgeukia Bethwel. "Huyu ndiye baba ya msichana?"

Mzee akachukua fimbo yake. "Nimeletwa hapa kuchekwa."

"Baba, kosa ni langu." Mokeira akavua kofia. "Wanaume wakijua kazi yangu wanatoroka. Huyu nilimpenda, nikaogopa kumwambia." Akatoka kitini. "Tafadhali, keti hapa."

Mzee akakitazama kile kiti kikubwa, akaketi polepole, akakipenda.

"Kiplangat, unamtaka hata na hiyo kofia?"

Bethwel akasogea karibu na Mokeira. "Namtaka na kofia yake, na nyota zote mbili."

"Basi tutaenda Kisii kwa baba yake halisi." Mzee akagonga meza. "Askari, leta chai."

Askari akamtazama Mokeira.

"Umesikia amri ya mkuu," Mokeira akasema.