Namba Saba Iko Wapi?

Kila Jumamosi asubuhi mimi huosha vyombo na mama huhutubia friji. Si kichaa, anafanya mazoezi. Mama ni afisa habari wa idara inayotaka kuzika taka za kinu cha nyuklia ndani ya mwamba, mita mia tano chini ya ardhi, nje kidogo ya mji wetu. Taka hizo hutoa mionzi isiyoonekana wala kunusika, na zinaweza kudhuru watu kwa maelfu ya miaka. Kazi ya mama ni kuwaeleza wananchi mpango huo na kuwajibu wanachouliza.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mkutano alasiri. Kwa wiki mbili mama alikuwa ameweka boksi la viatu kwenye duka la dawa, watu watumbukize maswali yao. Kila karatasi ilikuwa na namba.

"Chiriku, nipangie hizi kwa namba," mama alisema akielekea bafuni. Wananiita Chiriku kwa sababu mdomo wangu haujui kupumzika. "Leo wasiponiamini, hawataniamini tena."

Nikaanza kupanga. Namba saba ilinishtua. "Makasha ya taka yakivuja, wewe na mwanao mtakunywa maji ya visima vyetu?" Namba kumi na mbili ilikuwa mbaya zaidi. "Baada ya miaka elfu tano, nani atawaambia watu wasichimbe hapo?"

Sikuwa nimewahi kuwaza mambo hayo hata siku moja. Kisha nikamwona akilini mama akizomewa mbele ya mji mzima. Nikazikunja karatasi hizo mbili, nikazisokomeza ndani ya soksi yangu, nikajiona shujaa kweli kweli.

Alasiri ukumbi wa shule ulijaa pomoni. Mama alisoma na kujibu vizuri, mpaka akamaliza namba sita akaingia namba nane.

"Subiri hapo hapo!" Aliyeinuka ni mama mshonaji, anayetushonea sare za shule. "Namba saba iko wapi?"

Mama alipekua karatasi. "Namba saba... sina."

"Huna? Na hii nini?" Mshonaji aliinua kipande cha karatasi chenye namba saba. "Si mlituambia tuchane nusu tubaki nayo? Nusu yangu hii hapa!"

Kumbe kila karatasi ilikuwa na pacha wake!

"Hebu tazama na kumi na mbili!" alidakia dereva wa lori la maji. Nayo haikuwepo.

Ukumbi ulilipuka. "Wameanza kuficha kabla hata hawajachimba!" mmoja alifoka. Mwingine akasema, "Mnataka kulinda taka miaka maelfu, karatasi tu imewashinda wiki mbili!"

Mama alipindua boksi akalitikisa. "Jamani, sijaficha kitu," alisema, lakini nani alimsikiliza?

Niliinuka, nikainama na kutoa karatasi kwenye soksi mbele ya watu wote. "Ni mimi. Mama hakujua."

Kelele zilikatika. Mama alinitazama kana kwamba hanifahamu, na macho yale yaliniuma kuliko kofi. Kisha akazinyoosha karatasi, akazisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Ndiyo, tutakunywa, kwa sababu nasi tunaishi hapa," akaijibu namba saba. "Maji yatapimwa kila mwezi, na majibu yatabandikwa mlangoni pa duka la dawa. Siku hiyo njooni na chupa zenu, mkapime kwingine mnakotaka. Namba kumi na mbili..." Akaitazama tena karatasi. "Sijui. Lugha hubadilika, na baada ya miaka elfu tano huenda hakuna atakayeelewa maandishi yetu. Wataalamu wengine wanataka michoro, wengine mawe makubwa. Bado hawajakubaliana."

Nilifumba macho nikisubiri zomeazomea. Haikuja.

"Mradi wenu sijaukubali," mama mshonaji alisema taratibu. "Lakini hilo ndilo jibu la kwanza ninaloliamini leo. Haya, endelea."

Mkutano uliendelea hadi jioni. Walikubaliana kukutana tena mwezi ujao, na safari hiyo wananchi wenyewe ndio watakaofungua boksi.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, nilishindwa kujizuia nikalia. "Mama, nilitaka kukusaidia."

"Najua, mwanangu. Lakini wale watu wana hofu, na hofu haipungui kwa kufichiwa, inazidi. Mtu akikuuliza jambo linalomtisha, mwambie ukweli. Usipojua, sema hujui. Swali lake usilifiche, maana wakati mwingine hana kinga nyingine ila hilo." Akanifuta machozi kwa kiganja chake. "Kesho utakwenda kwa mama mshonaji, peke yako, umwombe radhi. Na chochote atakachokuuliza, umjibu."